Jioni Nilizomwekea Mama

Kuna harufu moja ambayo watu wengi wakiisikia hufunika pua, mimi nikiisikia hunyamaza. Ni harufu ya betri kuukuu iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao. Ina uchachu kama wa ndimu iliyosuguliwa kwenye kutu, inakukaa kooni na haitoki upesi. Juzi asubuhi ilinijia tena, nikiwa na kijana wa vyuma chakavu aliyepita na mkokoteni wake mtaani kwetu Kibaoni. Nilimwita mwenyewe. Nilikuwa nimeshaweka betri mpya, nyepesi, ya kisasa, na ile ya zamani ilibaki kwenye kona ya veranda bila kazi yoyote isipokuwa kukaliwa na kuku.

"Dada, na sanduku unatoa?" akauliza.

"Chukua betri tu. Sanduku liache."

Akafunua mfuniko, harufu ikatoka, naye akauinua ule mfuniko juani akautazama upande wa ndani. Kulikuwa na vistari vya mkaa, vifupi, vimesimama pamoja kwenye kona kama watoto waliochelewa paredi. Akacheka.

"Dada, kuna mtu alifungwa jela humu?"

Nilicheka na mimi, maana swali lenyewe lilikuwa zuri. Nikavihesabu kwa kidole. Tisa. Halafu nikaingia ndani, nikajifanya natafuta koleo.

Nyie wenzangu wa rika langu, hasa mliokulia huku bondeni, mnayajua maisha ya msimu. Mvua zikikaribia, mitaa inabaki na wazee na wanafunzi. Wenye nguvu zao wanahamia shamba, ng'ambo ya mto, njia ya kwenda Malinyi, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili maji yasiwafikie. Huko wanapanda mpunga, wanapalilia, wanaamia ndege wasile mpunga, wanavuna, ndipo wanarudi. Mtoto anayesoma anaachwa na bibi yake. Hakuna aliyeona kuwa hilo ni jambo la kusimulia. Hata upweke hatukuuita upweke. Mtu akikuuliza mbona umenuna, unamjibu, "Wazazi wako shamba," naye anaelewa, anaendelea na safari yake.

Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa naachwa na Bibi, mama yake baba, ambaye macho yake yalishaingia ukungu. Aliona kivuli cha mtu mlangoni, lakini hakumjua ni nani mpaka aseme. Msimu uliotangulia nilikuwa nasoma kitandani kwa koroboi, nikasinzia, koroboi likaanguka, chandarua kikashika moto. Bibi ndiye aliyeuzima, kwa kunusa na kupapasa, akamwaga ndoo nzima ya maji ya kunywa. Mimi niliungua bega tu. Mama aliporudi kutoka shamba akakuta chandarua nusu na bega lina kovu, hakupiga kelele. Alilishika lile bega muda mrefu. Kisha akamwambia baba, "Baba Skola, msimu ujao ama naondoka na mwanangu, shule ife, ama nyumba hii iwe na mwanga usiounguza."

Niliposikia "shule ife" moyo wangu uliruka kwa furaha. Walimu wangu mnisamehe. Mdogo wangu Deo alikuwa bado ananyonya, na yeye alikwenda shamba kila mwaka bila hata kuomba, amefungwa mgongoni, analala juu ya dungu na mama, anaamka na mama. Mimi nilikuwa na madaftari na bibi asiyeniona.

Baba alikuwa fundi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Sola hakuisomea, ila alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza mafundi wa mjini, akirudi anaandika alichoambiwa nyuma ya daftari langu la hesabu. Vitu aliviokota kimoja kimoja: paneli iliyokwisha tumika, ndefu kama mimi, betri yenye vifuniko sita juu yake, vimepangana kama vizibo vya soda, kile kidude kinachoitwa kontrola, chenye vitaa vitatu, kijani, njano na chekundu, na waya nene kuliko nilizozoea kuziona. "Waya mwembamba unapata homa," aliniambia. Sanduku la betri alilitengeneza mwenyewe, akatoboa matundu juu, na hakuliweka chumbani wala karibu na jiko. Aliliweka kwenye kona ya veranda ambako upepo unapita. Betri ikila jua inapumua, alisema, na pumzi yake haitaki kuonana na moto. Mimi nilitega sikio kila usiku kusikia hiyo pumzi. Nilisikia vyura tu.

Siku ya kuunganisha ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Paneli ilishapanda juu ya bati, imeinama kidogo, imeelekea upande wa milimani, kaskazini.

"Mama Skola, nipe khanga," baba akaita kutoka juu.

"Ya nini tena?"

"Ya kuifunika hii. Nikiwa nashika waya sitaki jua linitazame."

"Makubwa! Siku hizi unaona haya mbele ya jua?" Lakini akaivua khanga mabegani, akamrushia.

Baba akaivisha paneli, akashuka, akavua saa yake ya mkononi, akaipa Bibi aishike. Akatuambia kuwa betri inaungwa kwanza, paneli inakuja mwisho, na atakayemwongelesha katikati atamtoa nje. Kisha akaanza kama padri kwenye litania. "Nyekundu?" anauliza. "Kwa nyekundu!" najibu mimi. "Nyeusi?" "Kwa nyeusi!" Bibi naye alikuwa anaitikia, amekaa kwenye mkeka, ameikumbatia saa.

Pale karibu kabisa na kichwa chekundu cha betri alifunga kikopo kidogo cha plastiki. Mama akakisogelea.

"Hicho ni nini?"

"Fyuzi. Huyu ndiye mlinzi. Waya zikigusana zenyewe, panya akizitafuna, mtoto akichokonoa, anakufa yeye, nyumba inabaki."

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Anavyokufa."

Baba akamtazama. Fyuzi zenyewe alikuwa nazo chache. Lakini alikwenda mwisho wa waya wa taa ya sebuleni, akazigusanisha ncha mbili kwa koleo lenye mpira. Ikasema tap! Basi. Hakuna moto, hakuna moshi. Akakifungua kile kikopo, akamwonyesha mama uzi mdogo uliokatika ndani ya kioo.

Mama akautazama, kisha akasema, "Rudia."

"Mama Skola!"

"Rudia, Baba Skola. Mara moja inaweza kuwa bahati."

Akaweka fyuzi nyingine. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, na nawaambieni ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu: niliomba isikatike. Nilitaka waya ziwake moto kidogo tu, moto wa kuonekana, ili mama aseme haya, funga nguo zako, twende. Nilifumba macho. Tap!

"Basi," mama akasema, akashusha pumzi. "Skola abaki."

Baba akakata waya ule pale ncha zilipogusana, akauunga upya, akaweka fyuzi ya tatu, akapanda juu akaivua paneli khanga, na jioni hiyo taa tatu ziliwaka nyumbani kwetu: sebuleni, chumbani kwa Bibi na mimi, na moja nje mlangoni. Majirani walikuja kutazama. Mama Hepi wa nyumba ya pili, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alisema, "Jamani, leo hata sura zenu tunaziona, kumbe mko wazuri!" Watu wakacheka sana. Mimi niliitazama ile taa nikaiona kama mtu aliyekuja kuninyang'anya nafasi yangu ya kwenda shamba.

Waliondoka alfajiri ya wiki iliyofuata, kwenye tela la trekta, wamekaa juu ya mabunda ya vyombo na majembe. Mama alishuka tena baada ya kuwa ameshapanda. Akanishika kichwa.

"Usilie. Jioni zote hizi tutazifidia. Nikirudi nitakaa na wewe chini ya taa yako, unisimulie jioni moja moja, mpaka zote ziishe. Umesikia?"

"Zote?"

"Zote."

Baba naye akanikumbusha ya kwake: nisifungue sanduku hovyo, nisichezee vifuniko, kitaa kikiwa kijani nijue betri imeshiba, kikiwa chekundu nizime kila kitu. Trekta likaondoka. Deo alikuwa ananipungia mkono, hajui hata anapunga kwa nini.

Sasa hapa ndipo akili yangu ya miaka tisa ilipofanya kazi yake.

Mimi nilikuwa mtoto wa wakulima wa mpunga. Nilichokuwa nakijua duniani ni kwamba kitu usichokitumia kinabaki. Debe la mpunga usilolipika leo liko pale pale kesho. Gunia likijaa, unalishona, unaanza lingine. Mama alikuwa ameahidi kukaa na mimi chini ya taa jioni zote zilizopita, na mimi nikajiuliza swali ambalo kwangu lilikuwa la maana kabisa: huo mwanga wa jioni zote utatoka wapi, kama mimi nautumia kila siku? Halafu nikakumbuka vile vifuniko sita. Vyumba sita! Msimu nao ni kama miezi sita. Chumba kimoja kwa kila mwezi. Baba hakuniambia tu, labda alidhani najua. Niliona fahari kuligundua hilo peke yangu.

Jioni ya kwanza sikuwasha taa.

Bibi alikuwa anasuka mkeka. Yeye alisuka ukindu kwa vidole, giza na mwanga kwake vilikuwa mtu na ndugu yake. Akaniuliza, "Mke mwenzangu, umewasha taa?"

"Nimewasha, Bibi."

"Haya. Soma."

Nikafungua daftari gizani, nikawa nageuza kurasa ili asikie. Baada ya muda nikatoka verandani, nikaokota mkaa, nikachora kistari kimoja upande wa ndani wa mfuniko wa sanduku. Kulifungua na kulifunga haraka sikukuona kama kulifungua hovyo. Jioni moja ilikuwa imeingia ghalani.

Hivyo ndivyo nilivyoishi msimu ule. Kazi za shule niliziwahi nje kabla jua halijazama, nimelalia tumbo kwenye ngazi. Baada ya hapo tulikula tukiwa tunapapasa, mimi na Bibi, mikono yetu ikikutana kwenye sahani ya wali na perege, na tukikutana yeye anasema "pole" kama tumegongana sokoni. Kisha nilikaa. Hapakuwa na lingine. Nilisikia honi ya treni ikipita, nikajaribu kuhesabu mabehewa kwa sauti yake. Nilisikia redio ya kina Mama Hepi, wanacheka kitu ambacho sikukisikia. Mvua ikinyesha juu ya bati nilikuwa nazungumza kwa sauti, maana nilijua Bibi hasikii, nikimsimulia mama mambo ya siku hiyo, kama mazoezi. Wakati mwingine nilinyoosha mkono ukutani nikaigusa swichi, sikuibonyeza, niliigusa tu. Ilikuwa ya baridi.

Watoto wa mtaani waligundua upesi. "Mnaringa na kioo juu ya bati, ndani giza kama shimo la choo!" alinipigia kelele Hepi mwenyewe, binti wa Mama Hepi, tukiwa kisimani. "Sola yenu ni ya picha!"

"Nyie mnakula mbegu," nikamjibu. Hakunielewa. Hata hivyo lilimkera.

Kila asubuhi nikienda kutazama kontrola nakuta kijani. Imeshiba. Kesho yake kijani. Nilifurahi sana. Kuna siku tamaa ilinizidi, nikataka kuona mwanga wenyewe ulivyolala. Nikafunua sanduku, nikazungusha kifuniko cha kwanza, nikachungulia. Nilidhani patakuwa na kitu kinachong'aa, kama jua dogo, kama yai. Kulikuwa na maji tu, meusi, na ile harufu ikanipiga usoni nikakohoa mpaka machozi. Nikafunga mbio. Wiki hiyo hiyo sketi yangu ya shule ilipofuliwa ilitoka na tundu la ukubwa wa punje ya hindi, kingo zake zinamomonyoka. Nikamwambia Bibi ni panya, kumbe ni tindikali ya betri iliyonirukia. Jicho langu lilipona kwa sababu Mungu anapenda watoto wajinga. Leo nikifunga sola za watu, kitu cha kwanza nakagua ni kama sanduku lina kufuli.

Katikati ya mvua kubwa Bibi aliugua. Homa ilimpanda jioni moja, meno yanagongana, akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Sikufikiria ghala wala vistari. Niliwasha taa zote tatu, nikatafuta dawa kwenye mkoba wake, nikamnywesha, nikamfunika mablanketi. Wadudu wa mvua, ambao walikuwa wamenyimwa nyumba yetu tangu msimu uanze, waliingia kama wamealikwa. Wanagonga balbu, wanaanguka, wanarudi.

Homa ilipopungua Bibi alitulia, akageuza uso kuelekea juu.

"Leo umewasha," akasema.

"Nawashaga kila siku, Bibi."

"Skola. Macho yangu ni mabovu, masikio ni yangu. Taa gani ya kila siku isiyogongwa na mdudu hata mmoja? Mwezi wa ngapi sasa unanigeuzia makaratasi gizani?"

Nikalia, nikamwambia yote: jioni za mama, vyumba sita, vistari. Nilitegemea kichapo au kicheko. Bibi akajigeuza kunielekea. Alikuwa amelima mpunga tangu utoto wake kule Mahenge, kabla hawajashuka bondeni.

"Kumbe ni mbegu," akasema taratibu. "Mimi nilikuwa naning'iniza mbegu juu ya meko, baba yako analia njaa hapa chini, siigusi. Watu wakaniita mchawi. Mvua ikija, nani alikuwa na cha kupanda?" Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Basi kazime, mke mwenzangu. Tumwekee."

Nikazima. Jioni ile sikuichorea kistari, kwa sababu nilikuwa mtoto mwaminifu. Lakini kuanzia hapo hatukuwa tunadanganyana tena. Tulikaa gizani wawili kwa makubaliano, tukiweka akiba, na giza la wawili ni jepesi kidogo.

Baba alikuja mara moja tu, na samaki wakavu kwenye kiroba, akalala siku moja. Alipima betri kwa mita yake, akaongeza maji ya betri, akatikisa kichwa. "Mtoto, unaitunza! Iko kama haijaguswa!" Bibi akanifinya. Mimi nilijiona nimepewa cheti.

Wakarudi mwezi wa sita, tela limejaa magunia, wao wamekaa juu yake. Mama alikuwa amekonda, ngozi imeiva kwa jua, sauti imekauka kwa kufukuza ndege. Deo alishuka anatembea kwa miguu yake. Nilimkimbilia, akajificha nyuma ya gauni la mama, akalia. Hakunijua. Nikamwambia mama si neno, atanijua, kuna muda mwingi, nimeuweka.

Jioni hiyo niliwasha kila taa. Mama alikuwa amechoka, akalala mapema kwenye mkeka, na baba alipotaka kuzima nikamzuia mikono miwili. "Usizime! Ziko nyingi!" Akacheka, akaacha, akidhani ni kwa sababu nimewakumbuka. Ziliwaka usiku kucha, na kesho yake mchana niliziacha zinawaka, kwa raha tu, kama mtu aliyevuna. Siku hiyo palikuwa na wingu zito la kipupwe. Jioni ya pili ndiyo mama alioga, akala, akaja kukaa kwenye kigoda chini ya taa. Akanivuta.

"Haya. Nilikuahidi. Jioni ya kwanza."

Nikafungua mdomo. Kontrola ikasema tik, na nyumba nzima ikawa giza.

Nilikimbia verandani. Kile kitaa kilikuwa chekundu. Nilianza kupiga kelele kwamba tumeibiwa, kwamba kuna mtu ameingia akachukua zote. Baba alikuja na tochi ya simu, anauliza ameiba nani, ameiba nini, na mimi nikiwa nalia nikamwonyesha vile vifuniko, chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, betri ni mtungi! Ukishajaa umejaa, ukiendelea kumimina yanamwagika nje. Jua lote hilo la miezi sita, ungewasha usingewasha, ilikuwa inajaa ule ule mmoja!"

"Kumbe haiwekeki?" Bibi akauliza kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Haiwekeki, Mama."

"Nasi tukakaa gizani."

Kicheko cha baba kikakatika. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani alikaa gizani?"

Bibi ndiye aliyesimulia, pole pole: madaftari yaliyogeuzwa, swichi iliyoguswa, wadudu waliokosekana. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua tochi mkononi mwa baba, akafunua lile sanduku, akamulika mfuniko. Vistari vilikuwa vimejaa, mstari juu ya mstari, vingine vimepinda kwa sababu nilivichora gizani. Alivitazama kama alivyoitazama fyuzi ile.

Hakunikumbatia wala hakulia. Alizima tochi, akaleta kigoda chake kile kile, akakaa pale verandani kwenye giza, mfuniko mapajani. Nikasikia kidole chake kikitafuta kwenye mbao.

"Hiki cha kwanza kabisa. Jioni hii ulifanya nini?"

"Niligeuza daftari."

"Ulikula nini?"

"Wali na perege. Mwiba ulinichoma."

"Wapi?"

"Hapa."

Akaugusa ufizi wangu gizani, kisha akalowesha kidole gumba kwa mate, akakifuta kile kistari. "Hiki?"

Tulikwenda hivyo. Betri ilipona baada ya siku mbili za jua, na tukaendelea chini ya taa, vinne siku hii, viwili siku ile, vingine virefu, vingine neno moja: mvua, Bibi alikohoa, nilikuwaza. Baba alikuwa akipita anainamisha kichwa kama anayepita mbele ya altare. Deo alizoea kunilalia miguuni.

Hatukumaliza. Mvua mwaka ule ziliwahi, trekta likaja ghafla, na vilibaki tisa. Msimu uliofuata niliwasha taa kila jioni kama nilivyoagizwa, sikuchora kitu, na mama aliporudi nilikuwa mkubwa, naona aibu. Sikumkumbusha. Yeye naye hakutaja. Nikadhani amesahau, watu wazima wana mengi.

Miaka imepita. Bibi tulimzika. Baba bado yuko kwenye mashine, na mimi, pamoja na kufeli kwangu kidato cha nne, nimekuwa fundi. Natengeneza simu na kufunga sola ndogo ndogo, na nina ndoto, msinicheke, ya kuweka taa kwenye kila dungu la bonde hili. Kila nyumba ninayofunga nawaambia watu neno moja kabla sijaondoka: washeni, haiwekwi. Wanadhani ni maneno ya biashara.

Mama yuko shamba, hata sasa ninavyoandika. Mtandao anaupata akipanda kwenye kichuguu nyuma ya dungu. Jioni ya siku ile ya kijana wa vyuma chakavu alinipigia, kama kawaida, kuuliza mvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Skola. Mmeshindaje huko?"

"Salama. Leo nimeitoa ile betri ya zamani, imekwenda na mkokoteni."

Nilisikia upepo wa huko, mkubwa, usio na miti.

"Na sanduku?"

"Sanduku ninalo."

"Zile tisa zipo bado?"

Nilikuwa nimekaa sebuleni peke yangu, mkono kwenye ukuta, karibu na swichi.

"Skola? Uko gizani?"

"Hapana, mama. Nimewasha."

"Hebu nisikie hiyo taa."

Nikapanda juu ya kiti, nikainua simu mpaka karibu na balbu, na wote wawili tukawasikiliza wadudu wakigonga.